Kicheko cha Nduli

Mofu, bondeni Kilombero, hakuna jumba la sinema. Filamu hutazamwa kwenye simu au kwenye kibanda cha video, na zinazopendwa zaidi ni za ngumi na za mapenzi. Lakini filamu ya siasa, ikimpata mwigizaji aliyeiva, huwanyamazisha watazamaji kuliko mizinga yote ya filamu za vita.

The Last King of Scotland ni ushahidi. Kevin Macdonald aliiongoza huko huko Uganda, ikatoka mwaka 2006, na Mmarekani Forest Whitaker akavaa uhusika wa Idi Amin, dikteta wa nchi hiyo. Mtanzania si rahisi kumridhisha hapo. Nduli huyu ndiye aliyevamia Kagera mwaka 1978, akang'olewa Kampala Aprili 1979, na wengi huingia kumtazama wakitarajia zimwi.

Whitaker hakuleta zimwi. Alijifunza Kiswahili na kupiga akodiani, akakutana na ndugu wa Amin, kisha akamleta mtu wa kupendeka. Mapema katika filamu, Amin ameumia mkono baada ya gari lake kumgonga ng'ombe. Daktari kijana wa Kiskoti, mhusika wa kubuni anayeigizwa na James McAvoy, anamtibu, halafu anainyakua bastola ya Amin mwenyewe na kummaliza ng'ombe anayeteseka. Walinzi wanashtuka. Uso wa Whitaker unaiva kwa ghadhabu, unasita, unalainika. Punde si punde anabadilishana shati lake la kijeshi na fulana ya daktari, na mtazamaji anajikuta anacheka naye.

Kicheko hicho hicho kinarudi baadaye, ikulu, na safari hii kinatia baridi mwilini. Hotuba za kulaani udikteta, hata zikiwa mia, hazielezi kwa nini umati wa Kampala ulimshangilia Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971. Uso wa Whitaker unaeleza. Oscar ya mwigizaji bora, aliyoipata Februari 2007, ilikuwa haki yake.

Nyumbani nako kuna kazi ya kujivunia: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Ikhlas Gafur Vora ni Yasmin, binti aliyemkimbia mume wa kuozwa. Gudrun Columbus Mwanyika ni Denge, mpigania uhuru. Hawapayuki. Siasa yao imo katika namna wanavyotazamana, na katika Kiswahili ambacho mtu wa Mofu hahitaji kutafsiriwa.

Wenye vibanda vya Ifakara na Mofu waitafute filamu hii, waionyeshe mwanzo hadi mwisho bila kuikatiza.