Kifuko cha Polima Kinachofunguliwa na Asidi ya Seli

Dawa za molekuli kubwa, zikiwemo protini na DNA, haziwezi kupenya zenyewe utando wa seli, na hata pale seli inapozimeza huzifungia ndani ya endosomu, yaani kifuko kidogo cha utando ambacho asidi yake huzidi kadiri kinavyoelekea kuungana na lisosomu, mahali ambapo vimeng'enya humeng'enya karibu kila kilichomezwa. Ugumu mkubwa basi hauko katika kuiingiza dawa, bali katika kuitoa kwenye endosomu kabla haijaharibiwa, na hilo ndilo lililoshughulikiwa kwa ustadi wa pekee katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na watafiti wakiwemo Steven Armes na Giuseppe Battaglia.

Polima yao, ambayo vifuko vyake vilielezwa mwaka 2005 na kujaribiwa kubeba DNA mwaka 2007, ni mnyororo wa vipande viwili. Kipande cha kwanza hupenda maji na kimebeba fosforilikolini, kemikali inayopatikana pia kwenye uso wa nje wa chembe nyekundu za damu, na kwa sababu hiyo protini hazikinati juu yake kwa urahisi. Kipande cha pili kina amini, yaani vikundi vyenye naitrojeni vinavyoweza kupokea protoni, na takriban nusu ya vikundi hivyo huwa vimekwisha kuzipokea pH inapofika karibu na 6.4. Tarakimu hiyo ndiyo roho ya ubunifu wote, kwa kuwa pH ya damu ni 7.4 ilhali ya endosomu hushuka hadi kukaribia 5, na kila kizio kimoja cha pH kinachoshuka ni ongezeko la mara 10 la ayoni za hidrojeni.

Maabarani, polima huyeyushwa katika maji yenye asidi, kisha asidi hiyo hupunguzwa taratibu kwa sodiamu haidroksaidi. Amini zikipoteza protoni, kipande cha pili hukwepa maji, na minyororo hujipanga yenyewe kuwa vifuko vinavyonasa DNA iliyochanganywa humo.

Ndani ya endosomu mambo hugeuka. Amini hupokea protoni, hupata chaji chanya na kusukumana, hata utando wa kifuko ukasambaratika na kifuko kimoja kikawa maelfu ya minyororo huru. Kwa maelezo ya watafiti hao, wingi huo wa ghafla wa chembe zilizoyeyuka huvuta maji kwa osmosisi, utando wa endosomu hutanuka na kuachia kwa muda mfupi, na DNA hupata njia ya kuingia katika saitoplazimu. Ubora wa mbinu hii huonekana ikilinganishwa na polietilinimini, polima iliyozoeleka kubebea DNA, ambayo huwa na chaji chanya hata ikiwa nje ya seli, hivyo hung'ang'ania tando zenye chaji hasi na mara nyingi kuzidhuru. Polima ya Sheffield huficha amini zake mpaka ifike palipo na asidi.

Hata hivyo, uti wa mnyororo huo umejengwa kwa kaboni iliyoungana na kaboni, muungano ambao vimeng'enya vya mwili haviukati, na kwa hiyo urefu wa kila mnyororo hauna budi kudhibitiwa tangu polima inapotengenezwa, ili vifuko vikishavunjika minyororo iwe midogo kiasi cha kuchujwa na figo.