Kilichosalimika Katika Hati ya Mwambao

Hati iliyotiwa saini hapa London tarehe 8 Oktoba 1963, wengi wetu huiita hati ya kuuzwa Mwambao. Kwa hati hiyo Seyyid Jamshid bin Abdullah aliiachia Kenya ukanda wa pwani wa maili 10, ambao Waingereza walikuwa wakiutawala kwa niaba ya Masultani wa Zanzibar tangu mkataba wa 1895. Uchungu wa siku ile tunaujua. Lakini waandishi wetu wameililia hati hii kuliko walivyoisoma.

Tuzisome, basi, barua walizoandikiana siku tatu kabla Jomo Kenyatta na Sheikh Mohamed Shamte, Mawaziri Wakuu wa Kenya na Zanzibar. Mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yameahidiwa kuhifadhiwa wakati wote, katika ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wenye shauri wote ni Waislamu. Hati za ardhi zilizokwisha sajiliwa nazo zimeahidiwa kutambuliwa wakati wote. Lakini watoto wetu kusomeshwa Kiarabu, na maofisa wa utawala katika sehemu za Waislamu kuwa Waislamu, kumewekewa sharti: kwa kadiri itakavyowezekana. Aliyezoea lugha ya maofisini anajua kuwa sharti hilo ni mlango ulioachwa wazi. Uliwali na umudiri ukaondoka, kadhi akabaki.

Kasoro kubwa ni ya mdhamini. Siku 96 baada ya saini, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Zanzibar iliyopewa ahadi ile ilipinduliwa. Nani tena angeidai?

Wanahistoria wetu wengi hukomea hapo, na hapo ndipo tunapohitilafiana nao. Mahakama ya Kadhi ilikwisha ingizwa katika katiba ya Kenya. Ikapata sheria yake mwaka 1967, ikabaki katika katiba ya 1969, na mwaka 2010, baada ya upinzani mkali wa makanisa, ikapita katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti na kuwa kifungu cha 170. Walioitetea ni Waislamu wa Kenya, wa pwani na wa bara, wengi wao wasio na nasaba yoyote na Masultani.

Tunapowasimulia wajukuu habari za Mwambao, tusiishie kwenye bendera iliyoteremshwa. Tuwaambie pia kuwa mjane wa Lamu au Mombasa angali anapeleka shauri lake la mirathi kwa kadhi, na tuwataje kwa heshima waliobaki wakalinda haki hiyo.