Umaarufu, Uchache na Thamani: "Malaika" na "Chemirocha"

Mashabiki wa muziki wanapolinganisha wimbo maarufu na wimbo usiojulikana, aghalabu husahau kigezo cha msingi, yaani lugha ya wimbo wenyewe. "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William na kuenezwa duniani na Miriam Makeba, waweza kuwakilisha upande wa kwanza. Upande wa pili unawakilishwa na "Chemirocha", uliorekodiwa na Hugh Tracey miongoni mwa Wakipsigis wa Kapkatet mwaka 1950. Hata hivyo, "Chemirocha" ni matamshi ya Kikipsigis ya jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji mashuhuri wa Marekani. Kwa hiyo, wimbo huu usiojulikana ulizaliwa na umaarufu. "Malaika" nao huimbwa na wengi wasiotambua kuwa kiini chake si mapenzi tu, bali ni ufukara unaomzuia kijana kuoa. Unajulikana pasi na kueleweka. Katika mtaa wa Huruma, Eldoret, ambako Kiswahili hukutana na Kikalenjin, msikilizaji amudupo lugha zote mbili aweza kuuhakiki kila wimbo kwa maneno yake. Uhakiki unaompuuza msikilizaji huyo hupima jina la wimbo, wala si wimbo.