Pongezi kwa Wasukaji wa Bwejuu

Wasukaji wa ukili wa kijiji cha Bwejuu, Zanzibar, wanastahili pongezi, kwani mkoba wao ni zawadi hata kabla haujatiwa kitu. Mfuko wa karatasi uliochorwa kwa rangi za maji hupendeza, lakini rangi yake hukaa juu tu na tone la mvua huiharibu. Rangi ya mkoba wa ukindu huingia ndani ya jani. Majani machanga ya mkindu huanikwa juani hadi yakapauka, huchanwa kuwa miaa, kisha huchemshwa katika sufuria ya rangi. Msukaji huamua mapema mwaa mwekundu upite juu ya upi mweupe. Akikosea, hana brashi ya kufunika kosa, bali hufumua. Ukili uliokamilika hushonwa mzunguko kwa mzunguko kuanzia kitako, na vishikio hutiwa mwisho.

Wapo wasemao kazi hii ni ya polepole na haina tija. Polepole ni kweli, ila hujaza nafasi iliyopo: wanawake wanaosuka pia hulima mwani, ambao hushughulikiwa maji yakitoka sana wakati wa bamvua, na maji mafu huwaachia muda wa kusuka. Wengine hulalamika kwamba rangi za dukani zimeua asili. Lakini ufundi umo katika vidole na hesabu ya miaa, si katika pakiti. Zanzibar ilipokataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, mkoba huu ulikuwa jibu la zamani. Kilichobaki ni mnunuzi kuacha kuulipia bei ya karatasi.