Dada Aliyetia Mchanga Kitumbua cha Ulaya

Hapa mezani nina miswada minne. Mhariri kanipa niisome, nichague mmoja wa kuchapwa. Yote minne inamhusu mwanafunzi aliyepata nafasi ya kusoma nje, likizo ikafika, akapanda treni kuzunguka Ulaya. Yote inapita Paris. Katika mitatu mhusika anasimama chini ya mnara wa Eiffel na kushusha pumzi. Theluji inaanguka karibu kila ukurasa. Ukimaliza unayajua majina ya vituo vya treni, ila aliyesafiri humjui hata kidogo.

Nisiwacheke wenzangu, maana wa tano niliuandika mimi.

Nilikaa Ujerumani muhula mmoja kama mwanafunzi wa kubadilishana. Wakati wa likizo nikazunguka kwa mabasi ya usiku, kwa sababu treni bei yake si mchezo. Schengen ni viza moja inayokupitisha nchi nyingi: mkataba ulitiwa saini mwaka 1985, ukaanza kazi Machi 1995. Basi mimi huyo Prague, mimi huyo Vienna, mimi huyo Paris. Nikarudi na picha kibao na insha ya kurasa kumi na mbili. Ndani yake madaraja yapo, makanisa yapo, kahawa ipo. Kilichokosekana ni usiku ule askari walipopanda basi mpakani, wakawapita abiria wote hadi kwangu, kiti cha nyuma, wakaomba pasi yangu peke yangu. Nami nikawachekea, nikawashukuru! Hicho kicheko hakimo kwenye insha. Nilikifuta.

Baada ya hapo ndipo rafiki mmoja alinitupia kitabu chembamba, akasema, "Soma hiki kwanza, halafu urudi kwenye Paris yako." Ni *Our Sister Killjoy* cha Ama Ata Aidoo wa Ghana, kilichotoka mwaka 1977. Jina lake ningelifasiri hivi: Dada Yetu Mtia Mchanga Kitumbua. Kimepita umri wangu, na mwandishi wake alifariki mwaka 2023, lakini kwa mada hii naona bado kinatutangulia.

Hadithi yenyewe ni fupi. Sissie ni msichana wa chuo. Anapelekwa Ulaya kwa gharama za wenyeji, pamoja na vijana wa nchi mbalimbali. Kabla ya kuondoka analishwa chakula cha fahari, na yupo kijana Mwafrika, Sammy, anayemsifia Ulaya utadhani ni pepo. Washikaji, huyu Sammy tunamjua. Kila mtaa unaye. Karudi na koti, na kila sentensi yake inaanza na "kule kwetu", akimaanisha majuu.

Sissie anafika Frankfurt. Kituoni anamsikia mama mmoja akimwonyesha mwanawe: msichana mweusi yule. Hapo Sissie anageuka kuwatazama watu waliomzunguka, na kwa mara ya kwanza anaiona rangi yao kuwa ni rangi. Tuache kidogo hapo. Kwenye miswada yetu mhusika anaangalia, anashangaa, basi. Aidoo anamfanya mhusika wake atazamwe, halafu yeye naye atazame. Jicho likienda pande zote mbili, safari imeanza. Likienda upande mmoja tu, hiyo ni kadi ya posta.

Hata hilo si jipya kwetu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri Urusi hadi Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani, na habari zake zikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli* kilichokusanywa na Velten. Mtumishi hakuwa na sababu ya kuuza sura. Aliandika alichokiona, na pia jinsi watu walivyomkodolea macho. Sisi wenye udhamini, kamera na mitihani ya fasihi ndio tumerudi nyuma.

Sehemu iliyonishika zaidi ni ya Bavaria. Vijana wamewekwa kwenye ngome ya zamani iliyogeuzwa hosteli, kazi yao kupanda miche ya misonobari. Sissie anapata rafiki, Marija, mama wa nyumbani. Mumewe anaitwa Adolf, mtoto wao mdogo naye Adolf. Mwandishi haelezi, msomaji anaelewa. Mume yuko kiwandani muda wote, nyumba ni nzuri, na Marija yuko peke yake. Kila siku anampa Sissie plamu, matunda kama yale yanayoshuka mjini kutoka Lushoto, ila haya yamechaguliwa moja moja. Sissie anakula, anasifiwa, ananoga.

Usiku mmoja Marija anamgusa kwa namna inayozidi urafiki. Sissie anajinasua kwa nguvu, na bila kukusudia anampiga Marija shavuni. Mwenyeji analia. Mwandishi wa kawaida angeishia hapo: mzungu kakosea, dada yetu yuko safi. Aidoo anaendelea. Siku ya kuagana inapokaribia, Sissie anamwambia Marija kwamba anaondoka, anaona alivyomuumiza, na anagundua kuwa kumuumiza kuna raha. Raha kabisa! Msichana aliyetoka nchi iliyotawaliwa ameshika rungu kwa dakika moja, na mkono haumtetemeki.

Kitabu kizima kwangu kiko hapo. Mwalimu wa sekondari angeuliza: dhamira ni nini? Tungejibu ubaguzi, upweke, ukoloni, nasi tungepata alama zetu. Lakini dhamira hizo zina uzito kwa sababu Sissie naye ana deni. Anaukosoa ukatili kutoka ndani ya ukatili wake mwenyewe.

Upande wa fani, Aidoo anachanganya. Nathari inakwenda, ghafla inakatika kuwa mistari mifupi kama shairi, kisha inarudi. Wengine watasema kavunja kanuni za riwaya. Mimi naona mistari ile ndiyo yale mtu anayojisemea moyoni huku mdomo unasema asante. Kwenye basi langu mdomo ulisema asante. Mistari mifupi sikuiandika.

Sasa lawama. Sissie anapofika London, kitabu kinapungua nguvu. Anawaona Waafrika wenzake kwenye baridi, mavazi yasiyotosha, wamekwama, na kila mmoja ana sababu ya kutorudi nyumbani. Anawahoji, anawasuta. Wanajitetea kwa madigrii, na yupo Kunle anayeshangilia upandikizaji wa moyo uliofanyika Afrika Kusini kana kwamba utamkomboa Mwafrika. Hoja za Sissie ni kali, nyingine za kweli. Lakini hapa yeye hakosei hata mara moja, na mhusika asiyekosea anageuka kuwa mhubiri. Kamaliza ziara, tiketi ya kurudi ipo mkononi. Ni rahisi kumwambia anayebeba maboksi arudi nyumbani wakati kodi yake hujui analipaje. Ile dada ya Bavaria, iliyojiogopa yenyewe, ningependa ingefika London pia.

Mwishoni anaandika barua ndefu akiwa ndani ya ndege, kwa mwanaume aliyemkosa kwa sababu ya mdomo wake. Anaona Afrika chini, anaamua kutoipeleka. Barua isiyotumwa! Wengi walioishi nje wanayo moja.

Yangu hii hapa. Nilipokuwa kule mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, huko mambo vipi?" Nikamtumia picha: mimi na mnara wa Eiffel. Sikumwambia kwamba siku hizo nilikula mkate na jibini asubuhi, mchana na jioni, na kwamba usiku nililala kituo cha mabasi nikiwa nimekumbatia begi. Dogo kaacha chuo cha ufundi. Anangoja nimvute aende. Hiyo picha ndiyo kazi yangu ya sanaa iliyosomwa kwa makini kuliko zote, na ilikuwa uongo.

Kwa hiyo waandishi wenzangu, miswada hii minne nairudisha, lakini sio kwa ubaya. Yule wa tatu ana sentensi moja nzuri sana, ukurasa wa saba, pale mhusika anapoogopa kumuuliza mtu njia, anazunguka mtaa uleule mara tatu. Aanze hapo. Paris aifute yote, ikihitajika itarudi.

Tena tujaribu kwa Kiswahili chetu. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021, katika *By the Sea* (2001) anaye Latif, kijana anayepelekwa Ujerumani Mashariki kusomea udaktari wa meno. Huko anamtembelea rafiki wa barua aliyemdhania msichana, kumbe mvulana, na mama wa mvulana huyo aliwahi kuishi Kenya. Kisha vijana hao wawili wanatoroka pamoja, na Latif anaishia Uingereza. Safari ya mwanafunzi Ulaya ndiyo hiyo, yenye hofu na aibu yake, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Natamani kuisoma yenzake iliyozaliwa na Kiswahili, chenye "samahani" na "pole" na kile kicheko cha kwenye basi.

Mimi naanza upya insha yangu. Ukurasa wa kwanza ni askari na pasi. Ukiisha, msomaji wake wa kwanza atakuwa dogo, kabla ya mhariri. Akinuna, sawa. Kitumbua nilichompa kilikuwa na mchanga tangu mwanzo.