Sauti na Kinanda katika Ibada

Shauri la sauti na ala katika ibada ya Kikristo ni la kale. Augustino aliungama kwamba mara nyingine uimbaji ulimgusa kuliko maneno yenyewe, naye akahesabu hali hiyo kuwa dhambi. Calvin aliondoa ala katika ibada za Geneva, zaburi zikaimbwa kwa sauti tupu.

Kwetu tuimbao kwa Kiswahili, zito zaidi ni mkazo. Neno letu hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini tuni nyingi za Kijerumani na Kiingereza zilizoletwa na wamisionari hufunga mstari kwa pigo zito. Hapo "Bwana" hukazwa kwenye -na, na "moyo" kwenye -yo. Mwimbaji akiwa peke yake aweza kulilainisha kosa hilo. Kinanda hakimpi nafasi. Hukaza palipoandikwa, na watu wote hufuata. (Nimewasikia wanafunzi wakighani shairi kwa mkazo wa kanisani pasipo kujua.)

Ngoma hazina ukali huo. Katika Missa Luba, iliyotungwa Kamina, Kongo, na kurekodiwa mwaka 1958, maneno ni ya Kilatini, lakini mwimbaji hutangulia, kwaya humwitikia, na ngoma huwachukua chini kwa chini.

Sisemi kinanda kitolewe. Mpigaji na ausome ubeti kwa sauti kabla hajagusa kinanda chake. Na pale tuni inapolivunja neno, tuni ndiyo ibadilishwe.