Mabega ya Mwizi: Siri na Ufichuzi katika Methali za Kitelugu

Wahakiki wengi wa fasihi simulizi wamezoea kuainisha methali kwa mada: za kazi, za umoja, za subira, za siri. Utaratibu huu una manufaa yake, hasa darasani, lakini aghalabu humfanya msomaji aamini kwamba methali zilizowekwa pamoja husema jambo moja. Zile zinazohusu siri hupewa funzo la jumla kuwa ukweli hauzikiki. Makala haya yanadai kwamba funzo hilo ni nusu tu ya habari yanapozingatiwa matumizi yake katika Kitelugu, lugha ya Kidravidi inayozungumzwa hasa katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, kusini mwa India, na ambayo sensa ya India ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa ni lugha ya mama ya watu zaidi ya milioni 80.

Methali, ambayo Watelugu huiita sameta, inayotajwa sana kuhusu jambo hili ni ile ya mwizi wa boga. Inasema: kama vile mtu aliyejipapasa mabega ilipoulizwa mwizi wa boga ni nani. Kwa msomaji wa Kiswahili tafsiri hii haikamiliki bila ya maelezo. Boga linalokusudiwa ni la aina ambayo ganda lake, linapokomaa, hufunikwa na unga mweupe mithili ya jivu. Anayelibeba begani hubaki na alama. Neno "boga" pekee haliubebi unga huo, na pasipo unga kitendo cha kujipapasa hakina sababu.

Hata hivyo, lililo muhimu zaidi ni lile ambalo methali hailisemi. Haisemi kwamba mabegani palikuwa na unga. Haisemi wala kwamba aliyejipapasa ndiye aliyeiba. Panatajwa swali na mkono ulionyanyuka, basi. Hatia hujazwa na msikilizaji. Ufichuzi hapa hautokani na ushahidi uliopatikana bali na hofu iliyoonekana.

Methali ya pili ni ya paka anywaye maziwa akiwa amefumba macho, akidhani kuwa kwa vile yeye haoni, basi haonekani. Mwizi wa boga anajifichua kwa kuwaza mno juu ya macho ya watu. Paka anafichuka kwa kutoyawaza kabisa. Mmoja ana wasiwasi, mwingine ana utulivu wa kijinga. Kuziweka methali hizi chini ya funzo moja ni kuifuta tofauti hiyo, ambayo ndiyo kiini cha maudhui yake.

Kifani, methali hizi mbili zina jambo linalozifungamanisha. Zote huishia kwa kiambishi -attu, chenye maana ya "kama vile" au "mithili ya". Si sentensi kamili. Ni tashbihi ambayo upande wake mmoja umeachwa wazi. Msemaji huujaza upande huo kwa mtu fulani aliye mbele yake au anayesimuliwa. Kwa hiyo methali ya namna hii haiwezi kusemwa hewani kama hekima isiyo na mlengwa. Kila inapotamkwa, kuna mtu anayefananishwa na mwizi au na paka. Fani yenyewe ni ya mashtaka.

Zipo nyingine zilizo kauli kamili, na hizi zinazungumza kwa sauti tofauti. Mojawapo husema kwamba ukweli hujulikana mambo yanapotulia. Mswahili atakumbuka mara moja kuwa siku za mwizi ni arobaini. Lakini methali ya Kiswahili inaweka idadi, na kwa hiyo inaahidi kikomo; ya Kitelugu haiweki siku wala haimtaji mwizi. Inadai subira tu kutoka kwa anayehukumu.

Dhidi ya matumaini hayo inasimama methali mashuhuri isemayo kwamba mwizi wa ndani ya nyumba hata Ishwara, yaani Mungu, hawezi kumkamata. Kiswahili kina "kikulacho ki nguoni mwako", lakini methali hiyo inaonyesha tu mahali alipo adui. Ya Kitelugu inakwenda mbali zaidi: inakana kwamba kila siri ina mwisho. Mwizi wa nje huacha unga begani. Wa ndani hana alama kwa kuwa nyayo zake zimezoeleka mle nyumbani.

Anayeuhitimisha mjadala huu ni mnywaji wa maziwa chini ya mvumo. Huko mvumo hugemwa tembo, na methali husema: kama vile kunywa maziwa chini ya mvumo. Aonekanaye hapo atadhaniwa amelewa, hata akiwa na maziwa matupu. Hii pia ni tashbihi ya -attu, lakini safari hii anayetetewa au kuonywa ni asiye na kosa. Kiswahili husema "lisemwalo lipo, na kama halipo laja", kauli inayoupa uvumi hadhi ya ushahidi. Methali ya mvumo inaikata kauli hiyo mguu. Jicho la jamii, lililomnasa paka, hapa linakosea.

Mkusanyo wa methali za Kitelugu wa Kapteni M. W. Carr, uliochapishwa Madras mwaka 1868, ni hazina kubwa. Lakini mkusanyo wowote huiondoa methali kinywani mwa mtu na kuiweka katika orodha, ambako mshtakiwa wake hayupo tena. Hapo ndipo uainishaji wa mada hupotosha. Katika orodha, "siri hufichuka" ni faraja. Katika baraza, mbele ya mtu aliyejigusa bega kwa woga, ni hukumu iliyotangulia ushahidi. Watelugu walimweka mnywaji wa maziwa karibu na mwizi wa boga ndani ya lugha moja. Mhakiki anayemfundisha mmoja bila ya mwenzake huwapa wanafunzi wake jicho la kushtaki na kuwanyima jicho la kujitilia shaka.